Mtoto wa Sekunde Arobaini na Moja

4 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na paa la ofisi limeanza kuvuja saa nne na dakika tano. Ndoo tumeiweka mahali pake pa kila mwaka, kati ya meza yangu na rafu ya filamu tulizokwisha kuzitoa. Chini yetu kuna duka la magodoro. Mwenye duka husema sisi ndio watu pekee duniani tunaouza kitu ambacho kila mtu ameshakitupa. Mimi humjibu kwamba yeye anauza usingizi, na bado anauiba hapo hapo kaunta.

Bosi ametaka kila mmoja wetu aandike kumbukumbu za kazi ya *Maji ya Pili* kuanzia leo hadi itoke, ili achote humo maneno ya kijitabu kitakachokaa ndani ya kasha. Wakusanyaji wanapenda kujua kitu kilivyotengenezwa. Haya, Bosi, nimeanza. Andika kwenye kijitabu chako kwamba ndoo imejaa.

5 Machi

Kwa faida ya wakusanyaji: tuko watatu. Tunatafuta filamu za zamani ambazo watu wazima huzitaja huku wamefumba macho, tunaomba haki ya kuziuza zitazamwe nyumbani, tunazisafisha, kisha tunazitoa kwenye diski, nakala elfu moja zenye namba, ndani ya kasha ambalo Bosi hulipapasa kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Fundi ndiye anayesafisha picha. Ni binti wa miaka ishirini na sita, masikio yake yamezibwa na muziki kutwa nzima, ila macho yake hayana mfano. Ananiita dada, Mungu ambariki, maana ningeweza kumzaa. Mimi kazi yangu ni haki. Maana yake nagonga milango ya watu na kuwaomba saini.

7 Machi

Mikebe sita ya *Maji ya Pili* imefika. Fundi alipofungua wa kwanza, ofisi nzima ikanuka siki. Filamu ya zamani ikianza kuoza hunuka hivyo, na unyevu wa masika huiharakisha. Fundi anasema tuinakili yote mwezi huu au tusahau. Filamu ina miaka hamsini na miwili. Mimi nina hamsini, na siku za mvua nami najisikia siki.

Haki zake ziko hivi. Haki ya sinema na ya televisheni ni ya kampuni iliyogharamia, nao wamekubali. Kutazamwa nyumbani hakukutajwa kwenye mkataba wa zamani, kwa sababu wakati ule nyumbani hakukuwa na kitu cha kutazamia. Haki hiyo ikabaki kwa mwongozaji wa filamu, naye alipofariki akamwachia mke wake. Mke ana miaka themanini na moja.

"Saini moja tu," Bosi alisema akinikabidhi karatasi. Ameshachagua rangi ya kasha na ameshawatangazia wakusanyaji kwamba itatoka tarehe 30 Mei. Wahenga walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Bosi ameshashona mpaka kofia.

9 Machi

Mjane anakaa nyumba ya chini, nyuma ya karakana ya baiskeli. Nimemwamkia, ameitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akinisubiri, akanipa chai na kiti kizuri. Amenisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akisahau viatu kila alikokwenda. Nimecheka hadi machozi. Nilipotoa karatasi, akasema miwani imempotea.

Miwani ilikuwa kichwani mwake. Sikusema kitu, nimelelewa.

14 Machi

Leo miwani ilikuwepo, lakini kalamu yangu ilikuwa ya wino wa bluu, naye amefundishwa kwamba mikataba hutiwa saini kwa wino mweusi. Nikatoa ya wino mweusi. Akatazama dirishani na kusema mvua inakuja, niwahi nyumbani. Bibi huyu ananichezea shere.

15 Machi

Mvua kutwa. Ndoo mbili.

20 Machi

Naandika nikiwa bado nimevaa viatu.

Nimekwenda kwa Mjane nikiwa nimejipanga kama mtu anayekwenda kudai haki mahakamani. Alinifungulia, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Mwanangu, wewe si mjinga na mimi si kipofu. Kaa."

Nikakaa. Leo hapakuwa na chai.

"Umeitazama filamu?" akaniuliza.

"Nimeitazama, Mama. Mara tatu."

"Yule mtoto kwenye karai ni wangu."

Kila aliyewahi kuiona *Maji ya Pili* anamkumbuka mtoto huyo. Dobi anafua uani, anamkalisha mtoto kwenye karai tupu, anachukua mrija na kumpulizia mapovu ya sabuni. Mtoto ananyoosha mikono kuyashika. Yanapasuka, anashangaa, ananyoosha tena. Basi. Fundi ameipima: sekunde arobaini na moja. Hadithi yote ya filamu mtu anaweza kuisahau, hizo hazisahau.

"Alikuwa na miezi kumi," alisema. "Tulimwita Pamba. Mtoto waliyekuwa wamemtafuta alilia asubuhi nzima, mume wangu akasema mleteni Pamba. Mimi ndiye nilikuwa nashona nguo za waigizaji. Siku ile nilikuwa na magauni kumi na mawili ya kumaliza. Nikawapa mtoto, nikarudi kwenye magauni. Wiki tatu baadaye homa ikamchukua. Siku mbili tu, kwisha. Hiyo ndiyo picha yake pekee, na mimi simo. Hata kuona wakati anapigwa picha sikuona. Nilikuja kuiona sinemani, kama wewe."

Nami, kwa akili zangu hizi, nikasema, "Si ndiyo vizuri, Mama, abaki? Watu wamwone."

Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu wa kuja.

"Sinemani alikuwa anapita. Watu mia sita wanacheka pamoja, halafu anapita. Nilikwenda kila jioni wiki nzima. Hakuna aliyeweza kumzuia, anakuja na anaondoka, kama alivyofanya kwangu. Lakini nyumbani mtu ana rimoti. Simu italia, atamsimamisha. Ataenda msalani. Na mwanangu atabaki pale kwenye karai, mikono juu, mdomo wazi, akimsubiri mtu asiyemjua atoke msalani. Hapana. Nilishamwacha kwa watu mara moja. Inatosha."

Sikutoa karatasi. Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua na mwavuli nikiwa nao mkononi, umefungwa.

Bosi, ukurasa huu huusomi. Daftari hili nimelifanya langu. Lako nitaandika jingine, la ndoo. Na kuanzia leo sitamwandika tena Mjane. Ni Mama Pamba.

22 Machi

Nimemweleza Bosi. Akasogeza vitu mezani, kisha akasema, "Tukiiondoa hiyo sehemu? Sekunde arobaini na moja tu. Filamu nzima inabaki."

Nilimwambia hiyo ni sawa na kuuza nyumba bila mlango. Akasema bora nyumba bila mlango kuliko kiwanja. Kazini tunaitana ndugu, lakini leo nilimtazama nikaona mfanyabiashara.

25 Machi

Mwenye shida ndiye mfuata. Nikaenda, nikalisema pendekezo la Bosi huku nikitazama sakafu.

"Kumkata?" Mama Pamba aliuliza. "Unataka nimzike mara ya pili, tena kwa saini yangu?"

Nimetoka mwenye haya. Mlangoni akaniita, nikadhani ataniongezea maneno, kumbe nimesahau mwavuli.

28 Machi

Nimepata wazo. Picha aliyoiona yeye mara ya mwisho ilikuwa imechakaa, michirizi na vumbi kila mahali. Akimwona mtoto akiwa safi, kama aliyepigwa picha jana, moyo utalainika. Nimemwambia Fundi aache yote aanze na zile sekunde.

"Nipe wiki mbili nizipitie kwa macho, fremu moja moja," alisema.

"Programu ya kusafisha si ipo? Ikaze mpaka mwisho, iache ifanye kazi."

Akatoa spika moja sikioni, jambo analofanya akiwa na wasiwasi. "Sawa, dada. Ukisema."

2 Aprili

Mvua. Muuza magodoro ametuletea ndoo ya tatu, kwa usalama wa magodoro yake, si kwa upendo.

6 Aprili

Barua kutoka kwa mkusanyaji tunayemwita Bwana Milimita. Analalamika kwamba kasha letu la mwisho limezidi mengine kwa urefu wa milimita mbili na limemharibia rafu. Bosi amesoma barua hiyo amesimama, kama anayesoma habari ya msiba.

9 Aprili

Zimekamilika. Nimezitazama mara kumi. Hakuna mchirizi, hakuna doa, ngozi ya mtoto inang'aa, unaona hata meno yake mawili ya chini. Nilimkumbatia Fundi, yeye akabaki ameganda kama ubao. Kesho kutwa tunampelekea Mama Pamba.

11 Aprili

Mungu anisamehe.

Tulikwenda mimi na Fundi, tumebeba mashine ya diski ya ofisini kwenye mfuko wa nailoni. Mama Pamba hakutaka. Nilimbembeleza, nikasema sitaki saini, nataka aone tu. Alivaa miwani, akafunga vizuri khanga aliyojitanda, akakaa wima kwenye kiti cha mbele kabisa. Akasema, "Haya."

Fundi akabonyeza. Dobi akatokea, karai likatokea, mtoto akatokea. Mimi nilikuwa namtazama Mama Pamba, si picha. Niliona uso wake unafunguka, niliona kabisa, na moyoni nikasema tumeshinda. Kisha ukajifunga.

"Anashika nini?" akauliza.

Sikuelewa. Nikatazama kwenye televisheni. Dobi amejaza mashavu, anapuliza mrija. Mtoto ananyoosha mikono. Anashika hewa. Anashangaa hewa. Ananyoosha tena.

"Mapovu yako wapi?" alisema Mama Pamba.

Nilisikia Fundi akivuta pumzi. Programu hutafuta vitu vidogo vyeupe vinavyotokea kwenye fremu mbili tatu na kutoweka, maana vumbi huwa hivyo. Tuliikaza mpaka mwisho. Ikayahesabu mapovu yote kuwa uchafu, ikayapangusa. Mimi niliitazama mara kumi. Mara kumi! Nilikuwa natazama meno.

"Mama, hii ni mashine," nilisema. "Mashine imekosea, tutairekebisha."

Alikuwa ameshasimama. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Sekunde zake ni arobaini na moja, hana nyingine. Na kitu alichokuwa nacho humo ni mapovu tu. Mmemnyang'anya." Akaenda akafungua mlango, akasimama kando yake mpaka tukatoka.

Fundi alilia njia nzima. Alipotulia akasema, "Dada, nilikuomba nizipitie kwa macho." Hakusema kwa kulaumu, ndiyo maana iliniingia vizuri.

12 Aprili

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, haamini jambo mpaka alipange mistari. Jioni aliniuliza, "Ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba."

"Ulisema kosa ni la nani?"

"La mashine."

"Basi hujaomba," akasema, akaendelea kusahihisha madaftari. Nilitaka kumrushia mto. Lakini ni kweli.

13 Aprili

Mama Pamba hakufungua. Nilisimama barazani, fundi baiskeli na wateja wake wakinitazama, nikaongea na mlango. "Mama, si mashine. Ni mimi. Huyu binti alitaka kuifanya taratibu, mimi nikamharakisha kwa sababu nilikuwa na shida na saini yako. Nimekosa mimi."

Nilisikia kandambili zikija mpaka karibu na mlango, zikasimama. Kisha zikarudi zilikotoka.

15 Aprili

Fundi na mimi tumeanza upya, kutoka kwenye nakala ghafi, ile iliyochukuliwa kabla ya kusafishwa. Sekunde moja ina fremu ishirini na nne. Kwa hiyo zote ni fremu mia tisa themanini na nne. Kila moja tunafuta vumbi kwa mkono, tunaacha povu. Nilimuuliza Fundi nitajuaje lipi ni lipi. Akasema, "Povu lina mwenyewe, dada. Angalia mtoto anatazama wapi."

Leo: fremu kumi na moja. Macho yameniuma mpaka kisogoni.

16 Aprili

Ishirini na mbili.

17 Aprili

Hamsini. Bosi amepita nyuma yetu mara nne, hakuuliza tunamfanyia nani. Mara ya tano alileta chai.

21 Aprili

Mvua kubwa, umeme umekatika mchana. Tulikaa kando ya dirisha na Fundi, akaniambia anasikiliza nini siku zote kwenye zile spika. Kumbe hasikilizi kitu. Huziba masikio tu ili asisikie Bosi na mimi tukibishana.

Fremu: sifuri. Nimeacha kubishana na Bosi.

26 Aprili

Mia saba na kumi kwa jumla. Nimeshamjua Pamba kuliko ninavyowajua watoto wa dada yangu. Kwenye fremu ya mia tatu na tano anakaribia kupiga chafya, kisha anaghairi. Ana kovu dogo la mbu juu ya nyusi. Povu kubwa kuliko yote humpasukia puani.

29 Aprili

Leo nimeona kitu.

Kila fremu ina ukingo ambao sinemani haukuonekana kamwe. Projekta hufunika pembeni, na sisi nasi huukata ukingo huo kabla ya kutoa diski, ili picha iwe kama watu walivyoizoea. Lakini nakala ghafi inauchukua wote. Siku zote hizi tulikuwa tunafanya kazi katikati, tunakimbizana na mapovu. Leo nilikuwa nafuta doa upande wa kushoto, pembeni kabisa, nikakuta doa lenye kucha.

Nilimwita Fundi. Akakuza picha. Ni mkono. Umetokea nje ya picha, umeshika mgongo wa kishati cha mtoto, vidole vitatu ndani ya kola. Haukai sekunde moja, unakaa tangu mwanzo hadi mwisho. Nami najiita mama wa watoto wawili: nilidhani mtoto wa miezi kumi anakaaje kwenye karai linaloteleza, na mikono yote miwili hewani, bila kuanguka?

Fundi akanionyesha kifundo cha mkono. Kimefungwa kimto kidogo, kama saa. Kimejaa pini.

Sikuhitaji kuuliza pini ni kazi ya nani. Fundi akanishika bega, yeye asiyependa kushikwa.

3 Mei

Fremu mia tisa themanini na nne. Tumemaliza. Nilimwomba Fundi asiukate ukingo, aiache picha nzima kama ilivyo.

4 Mei

Nilimwambia Bosi kila kitu: kwamba saini haipo, kwamba sitakwenda kuiomba tena, na kwamba mimi na Fundi tumetumia siku kumi na nane za kampuni kwa ajili ya mtazamaji mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa hata nimebeba kikombe changu mkononi.

Akawasha kompyuta, akaandika mbele yangu: *Ndugu wakusanyaji, Maji ya Pili haitatoka. Sababu ni ya kifamilia.*

"Si familia yetu," nilisema.

"Najua," alisema, akatuma. Kisha akauliza diski hiyo moja itakwenda kwenye nini. Nikasema kwenye bahasha. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

5 Mei

Bosi ametengeneza kasha kwa mikono yake, kwa kadi ngumu na gundi na kitambaa cheupe. Gundi imemganda mpaka kwenye ndevu. Ubavuni ameandika kwa kalamu: *Nakala ya 1 kati ya 1.* Miaka tisa nafanya kazi na mtu huyu nikidhani anapenda makasha.

6 Mei

Mama Pamba alifungua, akabaki ameshika kitasa.

"Sikuja na karatasi, Mama," nilisema. "Nimeleta chake." Nikampa kasha na mfuko wenye mashine ya diski. Nikamweleza kwamba mapovu yamerudi yote, na kwamba mara hii atazame pembeni pia, upande wa kushoto. Kwamba haipo nakala nyingine popote, na ofisi imetangaza kuwa filamu haitoki.

Akasoma ule ubavu wa kasha, midomo ikicheza. Akasema ahsante, akafunga mlango taratibu. Sikusikia kandambili.

9 Mei

Kimya.

12 Mei

Kimya. Mvua inapungua. Ndoo moja inatosha.

Bwana Milimita ametuandikia kwamba familia ni familia, na kwamba rafu yake itasubiri.

17 Mei

Simu, saa mbili asubuhi. "Njoo," alisema Mama Pamba. "Uje na ile karatasi." Akakata kabla sijamwamkia.

18 Mei

Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Meza ya pasi ilikuwa imewekwa mbele ya televisheni, na kwenye televisheni alikuwa Pamba, amesimamishwa, mikono juu, povu moja mbele ya pua. Kushoto kulikuwa na mkono.

"Ana siku tatu hapo," alisema Mama Pamba. "Asubuhi namwasha, napiga pasi, nakula, naongea naye. Kaa. Usizibe."

Nilisogeza kiti.

"Siku ile naikumbuka," alisema. "Miaka hamsini na miwili naikumbuka. Nakumbuka magauni, rangi zake, hata vifungo. Nakumbuka nikimpa mtu mtoto na kugeuka. Kila nilipomkumbuka Pamba, nilikuwa nimegeuka hivyo. Mume wangu alikuwa akiniambia, mke wangu, ulirudi, alilia ukarudi. Nikadhani ananipoza. Mwanamume akikuhurumia anaweza kusema lolote." Alinyanyuka, akaenda hadi kwenye televisheni, akaweka mkono wake karibu na ule mwingine, bila kuugusa. Ule ni wa mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Wake ni wa miaka themanini na moja. "Kile kimto nilikishona mwenyewe. Angalia vidole nilivyovitia kwenye kola. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namshika akioga."

Nililia, na sikuona sababu ya kujificha. Yeye hakulia. Alinipa khanga yake nijifute, akaomba karatasi.

Akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa miwani iliyokuwa mahali pake. Akaomba kalamu, akatia saini kwa wino wa bluu. Kisha akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayeandikia fundi vipimo: *Sekunde arobaini na moja zisikatwe pembeni.*

Nikamwambia picha itakuwa pana hapo tu kuliko filamu nyingine yote, na kuna bwana mmoja mwenye rafu ambaye hatalala.

"Asilale," alisema.

Nilikunja karatasi, lakini sikuweza kuiweka mfukoni. Nilimuuliza kama ana hakika. Nikamkumbusha kwamba zitatoka nakala elfu moja, nyumba elfu moja, na kila nyumba ina mtu mwenye rimoti. Watamsimamisha, Mama. Wataondoka wamwache hapo.

Mama Pamba alirudi kwenye meza ya pasi, akachukua nguo iliyofuata, akainyoosha kwa kiganja.

"Wamsimamishe," alisema. "Nimemshika."